Nusu ya Baba

Fundi anayeijua kazi yake hachori gauni zima. Hukunja kitambaa katikati, huchora nusu tu kwenye mkunjo, hukata, kisha hufunua. Na lile lililokuwa bega moja huwa mabega mawili, sawasawa kama mapacha. Fundi wetu huyu alikuwa akifunua vitambaa hivyo tangu ujana wake, na bado kila alipofunua alihisi furaha ndogo ambayo hakuwahi kumwambia mtu. Aliyeijua furaha hiyo ni mmoja tu, naye alikaa chini ya meza ya kukatia, akikusanya vipande vilivyodondoka.

Huyo alikuwa binti yake. Jina la kwenye cheti alikuwa nalo, zuri kabisa, ila hakuna aliyelitumia. Alikuja wakati wazazi wake wamekwisha kukata tamaa ya kupata mtoto, na siku alipozaliwa baba yake alisema kwamba nguo inaweza kuwa na kola, mikono na mifuko, lakini haijawa nguo mpaka ikunjwe pindo. Basi akaitwa Pindo. Fundi naye akawa Baba Pindo, kwa wateja, kwa majirani, na kwa mkewe pia, hasa mkewe akiwa na jambo la kumlaumu.

Mama Pindo alikuwa mwokaji kwenye kiwanda cha mikate. Alitoka nyumbani jogoo hajawika, akarudi mchana na unga kwenye kope, na jua lilipoanza kuzama macho yake nayo yalizama. Kwa hiyo jioni za mtoto zilikuwa za baba, kwenye chumba cha mbele cha nyumba yao, ambacho ndicho kilichokuwa duka. Jioni hizo walisoma, na walisoma kwa zamu.

Mtindo huo ulianza na viatu. Pindo alipokuwa mdogo zaidi, kuvaa viatu viwili ilikuwa safari ndefu, na baba yake, ili wasichelewe, alisema, "Haya, wewe kimoja, mimi kimoja." Mtoto akafurahi. Baadaye ikawa vifungo vya shati, yeye cha juu, baba kinachofuata. Ikawa nyimbo, yeye mstari huu, baba mstari ule. Alipoanza chekechea na kurudi na habari za kuhesabu, wakakaa mezani na kopo la vifungo, wakavitoa kimoja kimoja.

"Moja," alisema Pindo.

"Mbili," alisema baba.

"Tatu."

"Nne."

Walikwenda hivyo hadi kumi, bila kusita, kama watu wawili wanaotwanga kwenye kinu kimoja. Mteja akiwapo dukani alishika kiuno akawasikiliza, na fundi alijifanya hamwoni, ila kichwa kilimvimba kidogo.

Kulikuwa na wakati mmoja tu ambapo fundi hakuweza kusema: alipokuwa akirekebisha nguo mwilini mwa mteja, pini zimejipanga midomoni mwake. Hapo Pindo ndiye aliyekuwa mdomo wake. "Baba anasema simama wima." "Baba anasema usivute tumbo, nguo itakubana ukishiba." Wateja walivunjika mbavu. Kazi ikiisha, mtoto aliinua mto wa pini kwa mikono miwili, akasema, "Haya, toa," na baba akazitoa mdomoni, akazichoma kwenye mto moja baada ya nyingine.

Chekechea ilikuwa mwisho wa mtaa, nyumba fupi yenye kuta za njano. Kila asubuhi fundi alimfikisha Pindo getini, akainama kumnyooshea sketi, akageuka kurudi kwenye cherehani yake. Wazazi wengine waliingia ndani, wakatazama picha ukutani, wakaulizana habari na mwalimu. Yeye hakuwahi. Si kwa dharau. Aliona kwamba ya nyumbani ni yake na ya darasani ni ya mwalimu, kila mmoja na nusu yake.

Asubuhi moja mwalimu alimfuata getini. Alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye chaki kwenye mkono wa blauzi na sauti ya mtu asiye na haraka.

"Shikamoo, Baba Pindo."

"Marahaba, mwalimu. Kuna nini, kampiga mtu?"

"Hapana. Pindo ana adabu na wenzake wanampenda. Ila hamalizi kitu. Akivaa kiatu kimoja, anakaa. Akianza wimbo, anaishia mstari wa kwanza. Nikimwambia ahesabu, anasema moja, halafu ananitazama kana kwamba mimi ndiye ninayefanyiwa mtihani."

"Huyu?" Fundi alicheka kwa mshangao. "Huyu anahesabu kila jioni, mwalimu. Mpaka kumi. Wateja wangu ni mashahidi."

"Sikatai. Lakini tazama hii. Nilimwambia amchore mtu wa nyumbani kwao."

Ilikuwa karatasi iliyokunjwa katikati. Kwenye mkunjo kulikuwa na nusu ya mtu: jicho moja, sikio moja, mkono mmoja, mguu mmoja.

"Nilidhani muda ulimwishia," alisema mwalimu. "Nikampa nyingine. Akachora hivi hivi."

Fundi alishusha pumzi. "Ah, mwalimu, umenitisha bure. Hii ni kazi ya kwenye mkunjo. Una mkasi?"

Mwalimu alitoa mkasi mdogo mfukoni. Fundi akakata kufuata mstari, akafunua, na mtu mzima akasimama kiganjani mwake, mwenye futi ya kupimia shingoni na masikio mawili makubwa.

"Mimi huyu," alisema, na kidogo ajisahau acheke kwa sauti.

Mwalimu aliipokea ile picha, akaitazama kwenye mwanga, akatabasamu kweli. "Nzuri mno. Sijaona mtoto wa umri wake akiwaza hivi." Kisha akauliza kwa upole, "Ila aliyekata ni nani?"

"Mimi."

"Na aliyefunua?"

Fundi aliitazama mikono yake. Mkasi ulikuwa bado vidoleni mwake.

"Muhula ukiisha naamua nani anapanda darasa la kwanza na nani anabaki kwangu mwaka mwingine," alisema mwalimu. "Simwonei Pindo, baba. Lakini siwezi kumpeleka kule na kiatu kimoja. Njoo ukae nasi asubuhi moja. Usifanye kitu. Ukae tu, utazame."

Fundi alirudi dukani kashika tama. Aone watoto wa wenzake wakipanda na wake akibaki na watoto wapya, akiulizwa mbona mkubwa hivyo? Alikata kola ya mteja kwa pupa, akaikata vibaya, jambo ambalo halikuwa limemtokea miaka mingi.

Fundi viatu aliyekuwa na kibanda ukuta kwa ukuta naye alisikia habari zote, maana ukuta ule haukuwa na siri. "Kwa hiyo unarudi chekechea, shehe?"

"Naenda kutazama tu."

"Angalia vile viti. Vitakung'ang'ania, utoke navyo mpaka barabarani. Na ukibanwa na haja unyooshe mkono kwanza."

"Gonga soli yako wewe, niache."

Mama Pindo aliposimuliwa hakucheka. Alikuwa amelala ubavu, macho ameyafumba, ila masikio yalikuwa kazini. "Nenda," alisema. "Mimi tanuri halinisubiri. Cherehani yako inajua kusubiri."

Basi akaenda. Alivaa shati la kutokea, na mlangoni watoto wakamzunguka kama kuku waliomwagiwa mtama. Aliyetangulia mbele alikuwa msichana aliyeitwa Kengele, kwa sababu sauti yake ilisikika hadi ng'ambo ya barabara.

"Wewe mwanafunzi mpya?"

"Hapana. Mimi ni Baba Pindo."

"Mbona una ndevu?"

"Nimezaliwa zamani."

Jibu hilo liliwatosheleza. Wakampa kiti, naye akakaa magoti yakiwa karibu na kidevu. Chumba kilinukia gundi na maganda ya machungwa. Ukutani, chini kabisa, kwenye kimo cha macho ya watoto, zilibandikwa picha za watu wa nyumbani: mama wenye nywele kama jua, baba wenye vidole vingi kupita kiasi. Katikati yao alikuwa yeye mwenyewe, na masikio yake mawili, na mstari wa mkunjo ukimpita usoni.

Walikaa mkekani kuhesabu vifuniko vya chupa. Kila mtoto alivuta vyake, akahesabu, wenzake wakapiga makofi. Kengele alihesabu mpaka kumi na akaendelea mpaka namba ambazo hazipo. Ikaja zamu ya Pindo. Akavuta kifuniko kimoja.

"Moja," alisema. Akanyamaza.

Hakuonekana mtoto aliyesahau. Alikaa wima, ametulia, kama mtu aliyempigia mwenzake mpira na sasa anangoja urudi. Mwalimu alingoja. Watoto waliangaliana. Na fundi, kwenye kiti chake kidogo, alihisi neno likimpanda kooni lenyewe, kwa mazoea ya jioni zote zile, na kabla hajalimeza likamtoka.

"Mbili."

"Tatu," alisema Pindo papo hapo, uso umechangamka.

"Nne," alisema baba.

"Tano."

Walikwenda hadi kumi, kama kawaida yao, na darasa zima likashangilia. Kengele alisema, "Baba Pindo anajua kuhesabu." Fundi alianza kutabasamu, kisha akayaona macho ya mwalimu. Hayakuwa na lawama. Yalikuwa macho ya mtu aliyeona uzi ulipokwama. Hapo naye akauona, na tabasamu likamfia mdomoni.

Watoto walipotoka kucheza, alibaki ameinamia mikono yake. "Anajua zake tu," alisema. "Moja, tatu, tano. Zile nyingine ni zangu."

"Anazijua zote, nadhani," alisema mwalimu. "Ila hajawahi kuona kama zako zinamhusu. Kila akinyamaza, wewe upo."

"Nilidhani namsaidia."

"Ulimsaidia. Mtoto gani hapa anakaa na baba yake mezani kila jioni? Sitaki uache. Nataka tu umwachie nafasi."

Kumwachia nafasi. Fundi alilibeba neno hilo hadi nyumbani, na jioni ile akalitumia kama alivyolielewa. Pindo alisema moja, naye akafunga mdomo.

"Baba, zamu yako."

Kimya.

"Baba. Sema."

Fundi alikazia macho kopo la vifungo. Hakujua kwamba kukaa kimya kunaweza kumchosha mtu kuliko kukanyaga cherehani kutwa nzima.

"Umenikasirikia?" aliuliza Pindo. Na kabla baba hajapata la kusema, mtoto alishuka kitini, akaingia chini ya meza, akakaa humo bila kuokota kipande hata kimoja.

Mama Pindo, aliyedhaniwa amelala, alisema toka kitandani, "Wewe Baba Pindo, mtoto unamwachisha ziwa kwa kumfungia mlango?"

"Mwalimu kasema nimwachie nafasi."

"Nafasi si upweke, mwenzangu. Mgeuze. Yeye awe wewe, wewe uwe yeye."

Fundi alisogeza kopo la vifungo pembeni. Kisha akainama chini ya meza na kusema kwa sauti nyembamba, ya kubana pua, "Baba, mimi ni Pindo. Njoo tuhesabu."

Halafu kicheko kidogo kikatoka gizani huko chini. "Wewe si Pindo. Una ndevu."

"Nimezaliwa zamani. Moja."

Na toka chini ya meza ikapanda sauti nzito, ya kukoroma, sauti yake mwenyewe fundi jinsi mtoto alivyoisikia: "Mbili."

Tangu jioni hiyo walibadilishana. Siku moja Pindo alikuwa Pindo, siku ya pili alikuwa baba, na alipokuwa baba alitembea mikono nyuma na kumwambia mama yake kwamba chai haina sukari. Sasa alikuwa na namba zote kinywani. Lakini zilikuwa vipande viwili, vimekatwa vizuri, havijaunganishwa. Akiwa peke yake bado alisema moja na kungoja.

Mwalimu naye hakumwacha fundi. Alimwomba ashone aproni za kupakia rangi, kisha pazia la kona ya hadithi, na fundi akaja asubuhi ambazo wateja walikuwa wachache. Watoto walimzoea. Alipima mabega ya Kengele, akaambiwa siri ambazo hakuziomba. Alijifunza kutoka kwa mwalimu kitu ambacho hakikuwa rahisi hata kidogo: kungoja. Mwalimu aliuliza swali, akaweka mikono nyuma, akakaa nalo, na kimya kile hakikuwa cha kumtisha mtoto. Kilikuwa kama mlango ulioachwa wazi. Fundi alijaribu kuiga. Alimwona Pindo kavaa kiatu kimoja, ametulia, na mikono yake mwenyewe ikaanza kwenda. Aliitia mifukoni. Mara nyingine mtoto alivaa cha pili, mara nyingine Kengele aliharakisha kumvalisha, mara nyingine alikaa vilevile hadi mwisho, na fundi akaondoka moyo umemsinyaa.

Muhula ukawa unaishia. Asubuhi ya kupimwa ilipofika, fundi alikuwa kwenye kona ya hadithi akirekebisha pazia lililoning'inia upande. Mwalimu aliwaita watoto mmoja mmoja mkekani. Wengine walikaa pembeni, wamekatazwa kunong'oneza, na Kengele, aliyejijua, alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Pindo."

Mtoto akaja, akakaa, akavuta kifuniko kimoja.

Fundi alijua kitakachofuata. Alilihisi lile neno likijiandaa kifuani, na akajua pia kwamba halitamsikiliza, litatoka tu kama siku ile, na asubuhi hii litamrudisha mwanawe mwaka mzima nyuma. Hakuwa na imani na mdomo wake. Akachukua pini zote zilizokuwa kwenye pazia, pazia likamwangukia begani, akazipanga midomoni na kuzibana.

"Moja," alisema Pindo.

Akangoja. Alimtazama mwalimu, na mwalimu akangoja naye, mikono nyuma. Alimtazama Kengele, ambaye macho yalimtoka juu ya viganja vyake. Mwisho aligeuka akamtazama baba yake kule konani. Fundi alitaka kuinamisha uso, lakini hakuweza kumnyima hata macho. Akamtazama. Neno likapanda, likafika kwenye meno, likakutana na pini.

Pindo aliziona zile pini. Uso wake ukatulia, kama wa mtu aliyeona kazi yake imefika.

"Mbili," alisema kwa sauti nzito, ya kukoroma.

Halafu kwa sauti yake: "Tatu."

"Nne," alisema mdomo wa baba.

"Tano."

Vifuniko viligongana mkekani, kimoja kwa sauti nyembamba, kimoja kwa sauti nene. Kadiri alivyosonga mbele alienda haraka zaidi, na kwa sababu hiyo ile sauti nene ilianza kupungua uzito, na ile nyembamba ikaanza kunenepa, hadi kwenye saba na nane fundi hakuweza tena kusema ipi ni ya nani. Tisa ilitoka kwa sauti moja tu. Na kumi pia.

Kengele aliondoa mikono mdomoni. "Amesema na za baba yake," alitangaza, na majirani wote wa mtaa ule wakajua.

Pindo aliinuka. Hakumwangalia mwalimu kuona kama amefaulu. Alikwenda moja kwa moja kwenye mfuko wa baba yake, akatoa mto wa pini, akauinua kwa mikono miwili.

"Haya, toa."

Fundi akazitoa moja baada ya nyingine, polepole. Ya mwisho ilipoingia kwenye mto, alipiga goti, uso wake ukalingana na wa mtoto.

"Nimesema na zako," alinong'ona Pindo. "Umekasirika?"

"Hapana," alisema fundi. "Umezisema vizuri kuliko mimi."

Mwalimu alikuja kushika ncha moja ya pazia lililoanguka. "Baba Pindo," alisema, "anza kushona sare ya darasa la kwanza. Na uache kitambaa cha kushusha chini, atarefuka huyu."

Wakati wa kwenda nyumbani watoto walikaa kwenye baraza kuvaa viatu. Pindo alivaa kimoja. Akakitazama cha pili. Fundi alikuwa amesimama hatua chache mbali, mikono mifukoni. Mtoto akakivuta kile kiatu, akaingiza mguu, akagonga kisigino chini ili kikae, akasimama.

Cha kulia kilikuwa kushoto, na cha kushoto kulia. Fundi aliona, akaanza kuinama. Kisha akajinyoosha, akamshika mkono, wakaondoka, vidole vya miguu ya mtoto vikitazama pande mbili tofauti za barabara.